Kuruka Bila Injini: Jinsi ya Kujifunza Glaida na Kupanda na Hewa

Mimi ni mzaliwa wa Dodoma, naishi Fulda, katikati ya Ujerumani, na Jumamosi za kiangazi hunikosi uwanjani. Naruka glaida, na siku ambazo siruki nawasaidia wanafunzi: nashika bawa, navuta kamba, naandika muda wa kila safari. Glaida ni ndege kamili, ina mabawa marefu, usukani, vipimo na leseni yake. Isichokuwa nacho ni injini tu. Ndugu zangu wa nyumbani wakiona picha huniuliza mambo mawili: inapandaje, na mtu wa kawaida anaanzia wapi. Nayajibu yote mawili hapa, kwa sababu wapo vijana wengi wa kwetu, hasa walioko Ulaya, wanaopita karibu na viwanja hivi kila siku wakidhani ni mambo ya matajiri.

Si ya matajiri. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwabana Wajerumani wasiunde ndege zenye injini, ndipo wanafunzi wa uhandisi wakapeleka ndege zao za mbao na vitambaa kwenye kilima cha Wasserkuppe, chenye urefu wa mita 950, wakawa wanaruka kutoka mtelemkoni. Mashindano ya kwanza pale yalifanyika 1920, yakiandaliwa na mhandisi Oskar Ursinus. Tangu enzi hizo mchezo umekaa mikononi mwa klabu za vijiji na miji midogo, na mpaka leo hakuna nchi yenye marubani wengi wa glaida kuliko Ujerumani. Walimu wa klabu hufundisha kwa kujitolea, hawalipwi. Wewe unatoa ada ya mwaka, unalipia kila unaporushwa na dakika unazotumia ndege, kisha unatoa saa zako za kazi: kuosha ndege, kukata nyasi, na wakati wa baridi kupiga msasa na kukarabati ndege karakanani. Jumla yake ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kusomea ndege yenye injini.

Mahali pa kuanzia

Usianze kwa kununua kitu chochote. Tafuta klabu iliyo karibu, nenda Jumamosi asubuhi wakati milango ya hangari inafunguliwa, salimia watu, uliza usaidie nini. Omba safari moja ya majaribio pamoja na mwalimu. Ukishaonja, kaa siku nzima hata kama huruki tena, uone kama unaweza kuishi na utaratibu wao, maana glaida hairuki kwa nguvu za mtu mmoja. Ili uruke wewe, wengine watano au sita wanafanya kazi chini. Mtu asiyependa kufanya kazi na wenzake hatadumu, na ni vizuri alijue hilo mapema kabla hajalipa ada.

Vaa kofia isiyo na ukingo mpana, kwa sababu ukingo unakuziba kuona juu. Beba maji mengi, viatu visivyo na soli nene ili miguu isikie pedali, na chakula chepesi. Kijerumani chako kikiwa cha kuungaunga, nenda hivyohivyo. Maneno ya uwanjani ni machache na yanarudiwa kutwa nzima.

Kwa sheria za Ulaya mwanafunzi anaruhusiwa kuruka peke yake akifika miaka 14, na leseni anaipata kuanzia miaka 16. Kwa wakubwa hakuna kikomo mradi daktari wa usafiri wa anga akupitishe. Miwani si kizuizi. Nenda kwa daktari huyo mapema, usije ukatumia miezi na pesa ndipo uambiwe una tatizo. Kabla ya mtihani wa leseni unatakiwa uwe na angalau saa 15 za mafunzo hewani, kati yake saa 10 ukiwa na mwalimu na saa 2 ukiwa peke yako chini ya uangalizi wake, uwe umeruka na kutua mara 45, na uwe umefanya safari ya mbali: kilomita 50 peke yako, au kilomita 100 pamoja na mwalimu. Nadharia inasomwa wakati wa baridi: hali ya hewa, sheria za anga, urambazaji, jinsi ndege inavyobebwa na hewa. Kwa anayefika uwanjani kila wiki, misimu miwili kwa kawaida inatosha.

Kwa walioko nyumbani: Kenya glaida zimewahi kuruka Mweiga, karibu na Nyeri, kati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, kwa hiyo uliza kwanza kama msimu huu wanaruka. Na kwenye ukingo wa Elgeyo, juu ya bonde la Kerio karibu na Iten, watu huruka kwa parachuti za kuelea. Chombo ni kingine, lakini hewa ni ileile, na karibu kila nitakachosema kuhusu mikondo, yaani hewa inayopanda, kinawahusu.

Ndege na winchi

Ndege ambayo huenda ukajifunzia inaitwa ASK 21. Inaundwa na kiwanda cha Alexander Schleicher pale Poppenhausen, chini kabisa ya Wasserkuppe. Ina mabawa ya mita 17 kutoka ncha hadi ncha na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Mwanafunzi anakaa mbele, mwalimu nyuma. Ukikaa ndani kwa mara ya kwanza, jifunze rangi kabla ya kitu kingine. Kishikio cha njano kinaachia kamba inayoivuta ndege ipae. Cha bluu ni breki za bawa. Cha kijani kinasawazisha fimbo ya kuongozea ndege ili mkono usichoke. Chekundu ni cha kutupa kifuniko cha kioo wakati wa hatari. Rangi hizi ni zilezile karibu kwenye kila glaida, basi kaa ndani ya ndege iliyoegeshwa, fumba macho, mwambie mwenzako ataje rangi na wewe uguse. Fanya mpaka mkono uende wenyewe.

Unavaa parachuti mgongoni na mkanda wa ncha nne au tano. Mwalimu atakufundisha kutoka ndani ya ndege kwa mpangilio: kifuniko, mkanda, kutoka, kuvuta. Mpangilio huo useme kwa sauti kila asubuhi.

Winchi ni mashine inayoivuta glaida kutoka chini ipae, na kamba yake inafika kilomita moja hivi. Mwisho mmoja iko ngoma yenye injini kubwa, mwisho wa pili uko wewe. Msaidizi anaifunga kwenye ndoano chini ya tumbo la ndege, mwingine ananyanyua ncha ya bawa mpaka mabawa yakae sawa, na wa redio anamwambia mzee wa winchi avute taratibu. Kamba inajinyoosha majanini, inakaza, ndege inatikisika kidogo. Kisha inavutwa kwelikweli. Baada ya sekunde chache mwendo umefika kilomita 100 kwa saa, gurudumu limeacha ardhi, pua imeinuka na mbele yako kuna anga tupu. Mkono wa kulia uko kwenye fimbo, wa kushoto uko kwenye kishikio cha njano tangu mwanzo. Bawa likigusa majani kabla hujapaa, vuta njano papo hapo bila kujadiliana na nafsi yako. Ukifika mita 400 hivi mvuto unalegea, unashusha pua, unavuta njano, kamba inashuka na parachuti yake ndogo, na kinachobaki ni sauti ya upepo kwenye kioo.

Kamba ikikatika njiani, jibu ni moja: shusha pua kwanza, subiri mwendo urudi, ndipo uamue kutua mbele moja kwa moja au kugeuza. Mwalimu ataachia kamba makusudi bila kukuonya ili aone unafanya nini. Mshukuru.

Mikono, miguu na uzi

Fimbo ukiipeleka kushoto, bawa la kushoto linashuka. Ukiisukuma mbele, pua inashuka na mwendo unaongezeka. Ukiivuta, pua inapanda na mwendo unapungua. Ukizidi kuivuta, bawa linaacha kubeba: fimbo inalegea, upepo unanyamaza, ndege inatetemeka, pua inaanguka yenyewe. Dawa ni kuachia mkono mbele. Mwalimu atakupeleka juu akuonyeshe mara nyingi, na ni lazima uzizoee dalili hizo mpaka uzitambue hata ukiwa unafikiria jambo jingine.

Kipimo muhimu kuliko vyote ni uzi wa sufu, mara nyingi mwekundu, uliobandikwa nje ya kioo mbele ya macho yako. Upepo ukija sawasawa, uzi unalala katikati. Ukikata kona kwa fimbo peke yake, pua inakwenda kwanza upande usioutaka na uzi unalala pembeni; ndege inapita hewani kwa ubavu na inashuka haraka. Hapo miguu ndiyo inayorekebisha, kwa pedali zinazogeuza pua. Mkia wa uzi ukienda kushoto, kanyaga kulia. Ukienda kulia, kanyaga kushoto. Fimbo na pedali vianze pamoja, viishe pamoja. Jambo hili linachukua muda kuliko mengine yote ya mwanzo, na ndilo litakaloamua baadaye kama utapanda au utawaangalia wenzako wakipanda.

Macho yawe nje. Mwendo unausoma kwa pua ilivyo dhidi ya upeo wa macho, na kipimo unakitupia jicho tu kuhakikisha. Mwanafunzi anayeangalia vipimo ana mwendo unaopanda na kushuka dakika nzima, na hana habari kwamba ndege nyingine inakuja kutoka kulia.

Kutua nitakusema kwa kifupi, kwa sababu hilo mwalimu wako atalishughulikia mpaka uchoke. Glaida haiwezi kupaa tena ikajaribu upya, kwa hiyo mpango wa kutua unaanza mapema. Kwenye mita 200 hivi uwe umefika mahali pako kando ya uwanja, upepo ukiwa mgongoni, umeshaacha kutafuta mikondo. Unakata kona mbili, unaelekea uwanjani kwa kilomita 95 hadi 100 kwa saa, upepo ukiwa mkali unaongeza, na kwa kishikio cha bluu unaamua ushuke kwa kasi gani. Kona ya mwisho ikikatwa chini sana, kwa mwendo mdogo, pedali ikisukumwa kuliko inavyotakiwa, ndege inaweza kuporomoka ikizunguka mahali ambapo hakuna urefu wa kuinyoosha. Hiyo ndiyo inayoua watu. Linda mwendo wako chini kuliko popote.

Siku itafika mwalimu atashuka, atafunga mkanda wa kiti cha nyuma kilicho kitupu, na kukuambia uende. Unaruka mara tatu peke yako. Baada ya hapo kwa mila ya Ujerumani wanaklabu wote hupanga foleni, kila mmoja anakupiga kofi la makalio, na unapewa shada la miiba na majani ya uwanjani. Wanasema ni kwa ajili ya kuyafungua makalio yausikie mkondo. Mila hii ina kweli yake, kama utakavyoona.

Kuitafuta hewa inayopanda

Bila msaada wa hewa, kutoka mita 400 una dakika tano au sita, basi. ASK 21 katika hewa tulivu inasonga mita 34 mbele kwa kila mita moja inayoshuka, lakini inashuka tu. Kila dakika ya ziada unaipata kwa kukaa ndani ya hewa inayopanda kwa kasi kuliko unavyoshuka wewe. Hapa ndipo mchezo wenyewe ulipo, na hapa ndipo napenda kukaa.

Jua halipashi hewa moja kwa moja. Linapasha ardhi, na ardhi ndiyo inayoipasha hewa iliyolala juu yake. Shamba la ngano lililoiva, mawe, mapaa ya kijiji na mtelemko unaotazama jua vinapata joto haraka. Bwawa, bonde lenye majimaji na majani mabichi vinachelewa. Hewa ya moto haiondoki mara moja. Inashikana na ardhi mpaka ikutane na kitu cha kuichokoza: ukingo wa msitu, kilele cha mtelemko, mpaka wa shamba kavu na bichi, hata trekta linalopita. Hapo inabanduka na kupanda, vilevile povu linavyobanduka chini ya sufuria maji yakikaribia kuchemka, na hewa ya pembeni inakimbilia kujaza nafasi.

Aliyekulia Dodoma ameshauona mkondo kwa macho yake. Ile chamchela inayopita uwanjani saa nane mchana ikibeba vumbi na mifuko ni mguu wa mkondo. Kinachoonekana ni vumbi, na hewa yenyewe inaendelea kupanda mamia ya mita vumbi likiwa limeshaanguka. Rubani akiwa juu anaifurahia. Akiwa chini anakaa mbali nayo, kwa sababu inaweza kumpindua.

Hewa kavu ikipanda inapoa nyuzi 1 kwa kila mita 100. Ikifika mahali mvuke wake unapogeuka matone, wingu linazaliwa: lile jeupe, lililojaa juu, lenye tako bapa. Urefu wa tako hilo unaweza kuukadiria asubuhi. Chukua joto la hewa, toa kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewa hiyo huanza kugeuka matone, zidisha kwa mita 125. Joto likiwa nyuzi 24 na umande nyuzi 10, tofauti ni 14, na mawingu yatakaa kwenye mita 1,750 hivi juu ya ardhi. Hesabu hiyohiyo inafanya kazi Dodoma, Nairobi na Fulda. Hewa ikiwa kavu mno, mikondo inapanda bila kutengeneza wingu, na unatafuta kwa kusoma ardhi peke yake.

Hapa Ujerumani msimu ni Aprili hadi Agosti, na mikondo inafanya kazi tangu saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni hivi. Siku bora ni ile inayofuata mvua inayoletwa na hewa ya baridi ikiingia na kuisukuma ya joto: hewa ni safi na ya baridi, jua ni kali, na ardhi imeanza kukauka.

Ukiwa chini soma ardhi. Ukiwa juu soma mawingu. Ukishapita nusu ya urefu kati ya ardhi na mawingu, ardhi inaanza kukudanganya, kwa sababu mkondo unaoutafuta uliondoka shambani dakika kadhaa zilizopita na upepo umeuinamisha. Chagua wingu changa, tako lake jeusi na bapa, kingo zimekatika vizuri. Wingu lenye kingo zinazochanikachanika linakufa. Ukilifuata utafika msibani. Anza kutafuta upande wa jua na upande upepo unakotoka.

Ndege wenye manyoya wanaijua kazi hii kuliko sisi. Eneo hili la Rhön lina mwewe wekundu wengi, wenye mkia uliogawanyika panda. Mwewe akizunguka bila kupiga bawa, nenda pale bila kujiuliza. Korongo weupe ni walimu wakubwa zaidi. Wanaotoka mashariki mwa Ujerumani wanapita Uturuki, Israeli na bonde la Nile hadi Afrika Mashariki na hata kusini zaidi. Wanaizunguka Bahari ya Mediterania badala ya kuikata kwa sababu juu ya bahari hawapati mikondo ya kuwainua. Makundi yanayoonekana Tanzania mwezi Desemba yakila viwavijeshi mashambani yamefika kwa mtindo huohuo ninaokueleza: panda kwenye mkondo, nyiririka hadi mwingine, panda tena.

Kuingia na kukaa katikati

Sasa tuseme uko mita 600, unakaribia ukingo wa msitu chini ya wingu. Kwanza unashuka kuliko kawaida. Usikate tamaa, maana hewa inayoshuka mara nyingi inauzunguka mkondo. Kisha ndege inatikisika, kiti kinakusukuma kutoka chini, na mwendo unaongezeka kidogo bila wewe kugusa kitu. Hayo makalio yaliyopigwa makofi ndiyo yanayopata habari kwanza. Variometa, kipimo kinachoonyesha unapanda au kushuka mita ngapi kwa sekunde, kinachelewa sekunde moja au mbili, na sauti yake inapanda baada ya mwili wako kujua.

Angalia bawa. Likiinuliwa la kulia, mkondo uko kulia, na hewa yenyewe inakusukuma utoke kushoto. Kataa. Geuka kuelekea bawa lililoinuliwa. Lakini usigeuke mara moja ukisikia msukumo wa kwanza. Hesabu moja, mbili, hakikisha msukumo unaendelea, tazama kama hakuna ndege upande huo, ndipo ulaze ndege kwa uamuzi.

Ilaze vya kutosha. Wanafunzi wengi wanaogopa kulaza, wanazunguka duara pana nje ya mkondo wenyewe. Hesabu yake ni hii: kwa kilomita 90 kwa saa ukilaza nyuzi 30, nusu kipenyo cha duara lako ni mita 110, ukilaza nyuzi 40, ni mita 76, na duara zima linakuchukua sekunde 19. Mita hizo 34 mara nyingi ndizo tofauti kati ya kupanda na kushuka. Shikilia pua mahali pamoja kwenye upeo wa macho, uzi katikati, mwendo usiobadilika. Duara lako likiwa halina umbo, hutaweza kujua kama kilichobadilika ni hewa au ni mkono wako.

Duara la kwanza karibu halikai katikati. Upande mmoja variometa inaimba, upande wa pili inanuna. Zunguka ukikumbuka pua ilikuwa inatazama nini pale palipokuwa pabaya kuliko pote: mnara wa kanisa, ziwa, barabara. Ukifika hapo pabaya tena, endelea robo ya duara, nyoosha mabawa kwa sekunde moja au mbili, kisha laza tena. Umelihamisha duara lako kuelekea pazuri. Rudia kwa kiasi kidogokidogo. Usihame kwa pupa, kwa sababu sekunde nne za kunyoosha zinatosha kukutoa upande wa pili wa mkondo. Ukishazoea, mkono wenyewe utajua: hewa ikizidi kuwa nzuri unapunguza kulala kidogo, ikianza kudhoofika unalaza zaidi.

Kama kuna mwingine ndani, aliyetangulia ndiye aliyechagua upande wa kuzunguka, na wewe unazunguka upande huohuo, hata kama ungependa mwingine. Ingia kutoka nje ya duara lake, mahali anapoweza kukuona, na ukae ng'ambo yake. Ukimpoteza machoni, toka. Glaida nyingi za Ulaya zina kifaa kinachoitwa FLARM kinacholia ndege nyingine ikikaribia, lakini kifaa ni nyongeza ya macho.

Toka kwenye mkondo kabla haujafa. Wastani wa kupanda kwa duara zima ukianza kushuka, chagua wingu linalofuata uende. Kati ya mikondo hewa inashuka: ongeza mwendo uipite haraka, na ukiingia kwenye hewa inayopanda punguza. Usipande mpaka ndani ya wingu, na wingu likianza kuwa refu kama mnara na tako lake kuwa jeusi sana, ondoka mapema. Mwaka 1926 rubani Max Kegel alinyonywa na wingu la radi akitokea Wasserkuppe, akarushwa huku na kule, akatua kilomita 55 mbali. Alipona, na siku ile watu walijifunza hewa ina nguvu kiasi gani. Usitake kujifunza hivyo. Miaka mitatu baadaye, 1929, Robert Kronfeld alivuka kilomita 100 kwa glaida. Yeye ni miongoni mwa wa kwanza kuruka na variometa.

Kwenda mbali na uwanja

Ukishakuwa na uhakika wa kupanda, lengo linalofuata ni beji ya fedha inayotambuliwa dunia nzima: kupata mita 1,000 za kupanda baada ya kuachia kamba, kukaa hewani saa 5, na kusafiri kilomita 50. Kwa zile saa tano panga mapema maji ya kunywa na namna ya kukojoa ndani ya ndege, wanaume kwa wanawake, ongea na wakongwe wa klabu bila aibu. Rubani aliyejinyima maji ili asibanwe anachoka, na uamuzi wake unaharibika saa ya tatu.

Safari ya mbali inawezekana kwa sababu uko tayari kutua shambani. Ukishuka hadi mita 500 uwe na eneo lenye mashamba mazuri chini yako. Kwenye mita 400 uwe umechagua shamba moja. Kwenye mita 200 unafuata mpango wako wa kutua kama ulivyo uwanjani kwenu, hata kama variometa inalia kwa furaha. Tafuta shamba lililovunwa, refu, la kuelekea upepo, na mtelemko ukiwepo utue ukipanda. Nguzo ukiziona, hesabu kwamba waya zipo ingawa huzioni. Epuka mahindi na mazao marefu, na epuka malisho yenye ng'ombe: wanakuja kulamba na kukanyaga mabawa.

Ukishasimama, piga simu klabu uwape mahali ulipo. Kisha tembea kando ya shamba, usikate katikati ya mazao, umtafute mwenye shamba, umsalimie na kumweleza. Wakulima wa hapa wameshaona glaida nyingi na kwa kawaida wanafurahi kama umewaheshimu. Wenzako watakuja na trela. Kabla hawajafika, toa vitu vilivyolegea ndani ya ndege, funga kifuniko kisipeperushwe, futa wadudu kwenye kingo za mabawa wakiwa bado hawajakauka, na uandike kwenye kitabu chako cha safari: ulipaa saa ngapi, ulipanda wapi, wingu lilikuwaje, upepo ulitoka upande gani, na kwa nini ule mkondo wa mwisho haukuupata. Mpe mwalimu asome kabla hajatia sahihi.